Koti la Nyumba ya Machame

Kitu cha kwanza alichokiona Agape ni shimo la kidole gumba chake mwenyewe. Alikuwa amelibonyeza kidogo tu lile povu gumu jeupe la sampuli mle dukani, kama mtu anavyobonyeza parachichi sokoni kabla ya kuuliza bei, kisha akaondoa mkono na kungoja. Shimo halikurudi. Alihesabu hadi kumi. Lilikuwa palepale, la mviringo, na mstari wa ukucha wake kwa chini. Akahesabu kumi nyingine, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama.

Baba yake mdogo, Elisante, alikuwa akijitazama yeye. Duka lilikuwa na kioo kirefu ukutani, na mtu huyu hajawahi kupita mbele ya kioo bila kukipa heshima yake. Alikuwa amevaa koti la suti katika joto la Guangzhou la mwezi wa saba, joto linalomkausha mtu koo na kumlowesha mgongo kwa wakati mmoja, kwa sababu aliamini kwamba Wachina hawamheshimu mteja asiyevaa koti. Mwenye duka, mama wa Kichina aliyevaa kandambili, alikuwa akimmiminia chai kwenye kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa.

Walikuwa wamekuja kununua koti la nyumba. Ndivyo Elisante alivyoliita. Nyumba yenyewe iko Machame, juu kabisa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ya matofali ya saruji, madirisha mapana, dari ya juu, na kuta ambazo mwezi wa sita na wa saba hutoka jasho ndani kama ndoo ya maji baridi. Humo ndimo alimomweka mama yake, bibi yake Agape. Mwaka uliopita, mwezi kama huu, bibi alilazwa siku tisa kwa homa ya mapafu, na daktari akasema kitu kimoja tu: huyu mama apate joto, asipopata, msimu mwingine hatavuka.

Mtu mwingine angenunua mablanketi na kuziba nyufa za madirisha. Elisante si mtu wa mablanketi. Kwenye simu yake aliona jinsi watu wa nchi za baridi wanavyoivalisha nyumba ya matofali: wanabandika mbao za povu gumu ukutani kwa nje, wanazigongea misumari mirefu yenye vichwa vipana vya plastiki, kisha juu yake wanapanga vibao vyenye sura ya mbao. Ukuta wa zamani unabaki ndani, mkavu, umefunikwa kama mtoto mgongoni. Wazo halikuwa baya, na hilo ndilo lililomuuma Agape. Lilikuwa wazo zuri lililoangukia mikono ya mtu asiyelistahili.

Kuta alizijua. Marehemu baba yake, kaka mkubwa wa Elisante, alikuwa fundi mwashi, na Agape aliacha shule darasa la tano ili ambebee zege. Alijua tofali lililokunywa maji kwa kuligonga kwa kifundo cha kidole. Lakini hakuwa msemaji. Akiongea na watu wazima aliweka kiganja mdomoni, na maneno yakatoka kupitia vidole kama maji ya bomba bovu. Miezi minne iliyopita Elisante alimleta Guangzhou amkunjie nguo, amhesabie vipande na kumpikia. Katika miezi hiyo huenda alikuwa hajamaliza sentensi ishirini mbele ya wageni.

"Mwambie aniambie ukweli," Elisante alimwambia Mélanie, "hivi vibao vinakaa miaka mingapi?"

Mélanie alikuwa mama wa Lubumbashi, mnene, mwenye sauti, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo mtaa wa Sanyuanli, na Kichina chake kiliwafanya Wachina wenyewe wageuke. Aliongea na mwenye duka kwa muda mrefu, kisha akageuka.

"Papa Elisante, sikiliza muzuri. Anasema povu ndiyo inatangulia ku ukuta. Na gundi, na ile misumari. Vibao vinakuya nyuma. Povu ndiyo inaleta joto. Bila povu, hii vibao ni mapambo, ni kama cravate bila chemise, tai bila shati."

"Nimekuelewa, mama. Mimi si mtoto. Sasa tuje kwenye rangi."

Rangi ilichukua saa nzima. Povu lilikuwa limechukua dakika nne. Elisante alimtoa nje rafiki yake Salvatory, mfanyabiashara mwenzake kutoka Rombo, akamwambia asimame ng'ambo ya uchochoro na atembee polepole huku akitazama vibao, kama mtu anayepita barabarani Machame siku ya Krismasi. Salvatory akatembea. Akarudi. Akatembea tena haraka, kama aliye ndani ya gari.

"Hiyo ya kahawa ya maziwa," alipiga kelele, "inamwita mtu! Mtu hawezi kupita bila kuuliza nyumba ya nani!"

"Umeona?" Elisante alisema, akifurahi kama aliyeibuni rangi hiyo yeye. "Hiyohiyo."

Agape alikuwa bado na lile povu mkononi. Akasogea. Akaweka kiganja mdomoni. "Baba mdogo."

"Sema."

"Hili povu. Halirudi."

"Halirudi wapi? Lilienda wapi?"

Salvatory akacheka mpaka akashika meza. "Kaka, darasa la tano limetoa ripoti!"

"Ukitaka kujua mambo ya Ulaya, muulize mtu wa darasa la tano," Elisante alisema, na mwenye duka, ambaye hakuelewa neno, naye akacheka kwa adabu. Agape akarudisha povu mezani, upande wenye shimo ukiwa chini. Hakukasirika sana. Mtu anayemtuma mwenzake atembee uchochoroni ajifanye gari, ukimkasirikia, unampa heshima asiyoifanyia kazi.

Baada ya wiki moja mzigo ulifika kwenye ghala la Mélanie, Sanyuanli. Vibao vilikuja kidogo tu, vimefungwa vizuri, vikajipanga kwenye kona bila kumsumbua mtu. Povu likaja kwa lori zima. Mbao nene za upana wa meza, nyeupe, nyepesi kiasi kwamba Agape alibeba sita kichwani kwa mkono mmoja, zilijaa ghala kutoka sakafuni hadi kwenye feni. Wateja wengine walipita ubavuubavu.

Mélanie akapima kwa futi ya chuma, akaandika kwenye kiganja, akapuliza mashavu. "Papa, nusu ya kontena ni povu yako."

Kwa wafanyabiashara wa Guangzhou, mzigo wa meli haulipiwi kwa uzito. Unalipiwa kwa nafasi unayokula. Ndiyo maana kila anayenunua nguo huko ana adui mmoja, na adui huyo ni hewa. Na katika vita hiyo Elisante alikuwa jemadari. Kwenye migahawa ya Waafrika mtaa wa Dengfeng walimwita Elisante Bana. Yeye ndiye aliyewahi kubana makoti ya baridi mia nane kwenye mashine ya marobota mpaka yakawa kama matofali, na yalipofunguliwa Kariakoo yakafura yote, moja moja, kama maandazi kwenye mafuta. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi mno. Mara nyingine makoti yalikuwa elfu.

"Kwa hiyo nisafirishe hewa?" alisema. "Mimi? Elisante Bana nilipie hewa?"

Kisha macho yake yakaenda kwenye mashine.

Ilikuwa pale pale kwenye ghala, ya kijani, sanduku la chuma refu kuliko mtu, na bamba zito linaloshuka kutoka juu na kusukuma chini kila lililomo. Mchina mwembamba aliyeiendesha alikuwa amekaa kwenye ndoo, anakula tambi. Elisante alimwonyesha povu. Akamwonyesha mashine. Akakutanisha viganja vyake polepole, kama anayefunga kitabu.

"Bu xing," alisema yule mtu. Haiwezekani.

Hapo ndipo miaka kumi na miwili ya sokoni ilipompoteza. Elisante alikuwa amesikia neno hilo maelfu ya mara, na kila mara lilikuwa mwanzo wa maelewano. Muuzaji husema haiwezekani, nawe unacheka, unageuka kama unaondoka, anakuita, inawezekana. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu Guangzhou anaweza kusema haiwezekani akimaanisha kwamba haiwezekani.

Akacheka. Akageuka kama anaondoka. Mchina hakumwita, aliendelea na tambi zake. Elisante akarudi na pakiti ya sigara, akaiweka juu ya ndoo iliyokuwa karibu.

"Bu xing."

"Papa, anakuambia hapana," Mélanie alisema. "Hii kintu haiko matela, haiko godoro!"

"Mama, niachie. Hawa nimewazoea. Akisema mara ya tatu ujue amekubali."

Agape alikuwa amesimama kando na mbao mbili mikononi. Safari hii hakuweka kiganja mdomoni kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. "Baba mdogo, halirudi hili. Nililibonyeza dukani."

"Kila kitu kinarudi. Godoro linarudi. Koti linarudi. Mto unarudi."

"Hili si godoro."

"Nani amekuuliza?"

Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya feni, na labda Elisante hakumsikia vizuri. Lakini alimsikia vya kutosha kujua ni nani aliyesema, na hilo lilimtosha kupuuza.

Yule Mchina alisema bu xing mara ya tatu. Kisha akainua mabega, akachukua bakuli lake, akaenda kusimama mlangoni. Elisante akasema, "Mnaona?" Akaziingiza mbao ishirini yeye mwenyewe pamoja na Salvatory, akafunga mlango wa chuma, akabonyeza kitufe.

Bamba likashuka. Mwanzoni hakukuwa na kitu, ila mkwaruzo kama wa meno juu ya sahani. Kisha povu likalia. Lilipasuka kwa sauti kavu, moja, tatu, kumi kwa pamoja, na kutoka kwenye kila upenyo wa mlango zikaruka punje nyeupe ndogo kama chembe za ulezi, zikapanda hadi kwenye feni, na feni ikazipokea kwa furaha na kuzigawa kwa kila mtu. Zilinata kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye ile suti. Ukizifuta zilihamia mkononi. Mélanie alitukana kwa Kifaransa na kwa Kichina, akarudia kwa Kiswahili ili pasiwe na atakayeachwa nyuma.

Bamba lilipopanda, walichungulia. Mbao ishirini zilikuwa zimelala chini, nyembamba, zimevunjika vipande visivyo na umbo.

"Lipe muda," Salvatory alisema. "Linapumua kwanza."

Wakalipa muda. Elisante aliinama mbele ya mashine, mikono magotini, akilitazama povu kama mtu anayemngoja mgonjwa afumbue macho. Povu halikufumbua chochote. Yule Mchina mlangoni akawasha sigara aliyopewa.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Elisante alisema robota la kwanza lilipangwa vibaya. Akabana la pili. La pili alisema bamba limeshuka haraka. Akabana la tatu, akabana la nne, na la nne hakulisemea kitu. Alizima mashine, akasimama katikati ya ghala akiwa mweupe kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Kwa mara ya kwanza tangu Agape amjue, hakutafuta kioo.

Alitafuta njia ya kutoka akiwa mshindi, na akaipata baada ya dakika kama mbili. Watu wa aina yake huwa hawaikosi.

"Unajua nini," alisema, akipangusa mabega. "Povu lenyewe la nini? Vibao vinatosha. Vibao ndivyo vinavyoonekana. Fundi atapigilia fito ukutani, atapanga vibao juu, kwisha. Krismasi tukifika, nyumba inang'aa."

"Na baridi?" Mélanie aliuliza.

"Baridi gani? Mimi naenda kila mwaka. Machame hakuna baridi kiasi hicho."

Anaenda kila mwezi wa kumi na mbili, Agape aliwaza, jua likiwa linapasua migomba. Anaenda na mashati ya mikono mifupi, anakula mbuzi uani, anaondoka tarehe mbili. Mwezi wa saba wa Machame ameuona kwenye simu tu.

Mélanie alikuwa amezunguka nyuma ya rundo. Alikuwa akihesabu zilizobaki kwa kidole, na Agape naye, bila kukusudia, alikuwa akihesabu kwa jicho la baba yake: kuta nne, toa dirisha, toa mlango. "Papa," Mélanie alisema, "izi zilizobakia ni nzima. Zinatosha chambre moja. Chumba ya mama yako. Zinakula nafasi kidogo tu, miye nitakupangia."

"Chumba kimoja? Kiko upande wa nyuma kile! Nimpachike povu ukuta wa nyuma, nani ataliona? Waachie waokota chupa wa uchochoroni wazibebe."

Kisha, ili mambo yasionekane yameharibika, akatoa simu kumpigia mama yake ampe habari njema. Kwa Machame ilikuwa asubuhi, saa tano hivi. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena baada ya kitambo, ikakatika tena. Akatoa mzaha kuhusu wanawake na simu zao. Ya tatu ikapokelewa na shangazi yake Agape, akihema, na picha ikayumba, ikatulia juu ya bibi.

Alikuwa kwenye kochi jekundu la sebuleni, amefungwa kanga mbili juu ya sweta, miguu haifiki chini. Nyuma yake dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu.

"Mama! Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu." Bibi akasogeza uso kwenye simu, akakunja macho. "Elisante, umeota mvi hivyo lini?"

Salvatory akageukia ukutani, mabega yakitikisika. Elisante akajipangusa punje kichwani, zikahamia mkononi.

"Ni kazi, mama, ni kazi tu. Sikiliza: koti la nyumba liko tayari! Linapanda meli. Rangi ya kahawa ya maziwa! Hutaijua nyumba yako!"

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Joto lipo humo ndani?"

Bibi alitazama pembeni, alikokuwa shangazi. "Joto lipo," alisema. Akataka kuongeza neno, akakohoa, na kikohozi kilikuwa kirefu, cha chini kabisa, kikawa ndicho kinachoongea. Shangazi akasema mtandao hauko vizuri. Picha ikazimika.

"Mmeona?" Elisante alisema, akirudisha simu mfukoni. "Yuko salama. Amekaa kwenye kochi lake, ndani ya nyumba yake. Kifua ni uzee tu. Haya, Mélanie, funga vibao. Agape, anza kubeba hayo mapovu uyatoe nje."

Agape hakubeba. Alikaa juu ya rundo la mbao nzima, zilizotosha chumba kimoja, na rundo likalia chini yake kidogo.

"Nimesema beba."

"Bibi halali humo."

Kiganja kilikuwa mapajani. Hata yeye alishangaa jinsi sauti ilivyotoka kubwa. Yule Mchina mlangoni aligeuka.

"Halali humo wapi?"

"Kwenye nyumba yako. Tangu alipotoka hospitali mwaka jana hajalala humo ukiwa haupo. Alisema akilala tena kwenye zile kuta atakufa, kwa hiyo tulimhamishia jiko la nje, lile la udongo alilojenga babu. Analala kando ya mafiga. Shangazi alitukataza kusema, alisema tutakuvunja moyo, mchungaji aliibariki ile nyumba na watu walipiga makofi."

"Nimemwona sasa hivi kwenye kochi!" Elisante alisema. "Sasa hivi! Na Krismasi alikuwa chumbani kwake, nilimwona kwa macho yangu!"

"Krismasi tunamrudisha siku unayotua uwanja wa ndege, na tunamtoa siku unayoondoka. Siku nyingine, simu ikiita, tunaiacha iite. Hatuwezi kupokea kwanza. Kwanza tunamfuta majivu usoni, tunamvua koti la babu kwa sababu linanuka moshi, tunamvalisha sweta uliloleta wewe. Halafu tunambeba mpaka sebuleni, tunamkalisha, tunakupokea. Anakuambia joto lipo. Ukikata, tunambeba kumrudisha. Nilifanya hivyo miezi minane, baba mdogo, mpaka uliponileta huku. Shangazi alikuwa anashika mabega. Mimi nilikuwa nashika miguu."